Khairuddin Pasha, Amiri wa Bahari

Katika majina ya mabaharia wa Kiislamu ni machache yaliyoenea kama la Khairuddin Pasha, ambaye Wazungu walimwita Barbarossa, maana yake Ndevu Nyekundu. Wao walimwandika vitabuni kuwa haramia. Waturuki na watu wa Maghribi humhesabu kuwa ghazi na mlinzi wa miji yao. Kila upande ulinena kwa yale yaliyoupata.

Alizaliwa yapata mwaka 1478 katika kisiwa cha Lesbos, ambacho Waturuki hukiita Midilli, akapewa jina la Khidhr. Baba yake, Yakub, alikuwa askari aliyestaafu. Mama yake alikuwa Myunani. Walikuwa ndugu wanne wa kiume: Is-haka, Oruç, Khidhr na Ilyas. Katika safari moja ya biashara mashujaa Wakristo wa Rhodes waliishambulia merikebu yao. Ilyas akauawa, na Oruç akatekwa akatiwa katika minyororo. Alipookoka, biashara haikumtosha tena. Akaelekea magharibi, naye Khidhr akamfuata, wakaifanya Tunis kuwa makao yao.

Siku hizo zilikuwa za msiba kwa Waislamu wa bahari zote. Granada ilianguka mwaka 1492, na Waislamu wa Hispania wakalazimishwa kubatizwa au kuhama. Mwaka 1505 Wareno waliiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Wahispania nao walivuka bahari wakaijenga ngome ya Peñón juu ya kisiwa kidogo mbele ya bandari ya Algiers, mizinga yake ikiwaelekea wenyeji mchana na usiku.

Watu wa Algiers waliwaita ndugu hawa mwaka 1516 ili wawaokoe. Oruç alikuja, lakini alimwua mtawala wa mji, Salim at-Tumi, akaketi mahali pake. Tendo hilo haliwezi kusifiwa, hata kwa mwenye kumpenda. Mwaka 1518 Is-haka na Oruç wote wawili waliuawa vitani upande wa Tlemcen. Khidhr akabaki peke yake katika wale wanne, katika mji usiomwamini sana, na adui mlangoni.

Hapo ndipo akili yake ilipodhihirika. Angaliweza kujiita sultani kama nduguye. Badala yake alituma wajumbe Istanbul na kuitia nchi chini ya himaya ya Sultan Selim. Sultani alimpa cheo cha Beylerbey, yaani gavana mkuu, akampelekea askari wapatao 2,000 na mizinga. Jina la Khairuddin ndilo la heshima aliloitwa tangu zama hizo. Hata hivyo mambo hayakuwa mepesi: mwaka 1520 alifukuzwa Algiers, si na Wahispania, bali na Waislamu wenzake wa milimani, akakaa Jijel mpaka aliporejea mwaka 1525.

Mwaka 1529 aliipiga ngome ya Peñón kwa mizinga siku nyingi hata ikavunjika. Mawe yake aliyafanya boma la kuzuia mawimbi, likaunganisha visiwa na nchi kavu. Ndipo Algiers ikapata bandari ya kweli. Katika miaka hiyo hiyo merikebu zake zilikwenda usiku pwani za Hispania, zikawachukua Waislamu wa Andalusi kwa maelfu, wazee, wake na watoto, zikawavusha hadi Maghribi.

Sultan Suleiman alimwita Istanbul mwaka 1533, akamfanya Kapudan Pasha, mkuu wa manowari zote za dola. Mwaka uliofuata aliitwaa Tunis. Lakini mwaka 1535 Mfalme Charles wa Tano alikuja mwenyewe na jeshi kubwa. Mateka Wakristo maelfu waliofungwa ndani ya mji walivunja vifungo vyao, na mji ukaanguka, watu wake wakauawa ovyo. Waliotiwa utumwani ndio waliofungua mlango. Khairuddin aliponyoka, na adui walipodhani amekimbilia mashariki, alizuka Mahón katika kisiwa cha Menorca, naye akachukua mateka wengi.

Siku yake kubwa ilikuwa tarehe 28 Septemba 1538, huko Preveza. Papa, Venice na Mfalme Charles walikuwa wameunganisha manowari zao chini ya Andrea Doria wa Genoa, zikizidi za Waturuki kwa wingi. Khairuddin alikuwa na merikebu za makasia zipatazo 122. Upepo ulipotulia, marikebu kubwa za matanga zilisimama kama miamba, na zile za makasia zikazizunguka. Jahazi kuu la Venice lilipigana siku nzima bila kutekwa, nao walikuwa mashujaa. Lakini Doria hakuja na nguvu zake zote kuwasaidia wenziwe, na usiku akaondoka kuelekea Corfu. Mmoja wa makamanda wa Preveza, Seydi Ali Reis, alikuja baadaye kupigana na Wareno katika bahari ya Oman mwaka 1554.

Mwaka 1543 Khairuddin alikwenda kumsaidia Mfalme wa Ufaransa. Mji wa Nice ulitekwa, ngome yake ikakataa. Manowari zikakaa Toulon majira ya baridi, na kanisa kuu la mji likatumiwa kuwa msikiti. Katika kurudi, mwaka 1544, aliuteka mji wa Lipari na kuwachukua watu wake utumwani. Desturi ya bahari ile ilikuwa hiyo kwa pande zote mbili, na waliopatwa hawakuwa askari.

Alistaafu mwaka 1545, akamsimulia Seyyid Muradi habari za maisha yake zikaandikwa kitabu. Alifariki Istanbul tarehe 4 Julai 1546, akazikwa Beşiktaş, ukingoni mwa bahari, katika kaburi lililojengwa na Mimar Sinan. Kwa vizazi vingi manowari za Kituruki zilizopita hapo zikienda safari zilipiga mizinga kumsalimu.