Marie Curie na Mlango wa Akademia

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walimu wengi tumewarithisha wanafunzi wetu methali hii bila kuihoji. Hata hivyo, maisha ya Marie Curie, mwanasayansi aliyefariki mwaka 1934, yanadhihirisha kwamba chema huweza kufikishwa sokoni na wenye soko wakakikataa.

Alizaliwa mjini Warsaw mwaka 1867, akaitwa Maria Skłodowska. Sehemu hiyo ya Polandi ilikuwa chini ya utawala wa Urusi, na chuo kikuu cha mji huo hakikuwapokea wanawake. Maria alisoma kwa siri, kisha akawafunza watoto wa matajiri majumbani mwao ili amsaidie dada yake kusomea udaktari jijini Paris. Zamu yake ilipowadia mwaka 1891, naye akaenda huko. Mwaka 1893 aliwashinda wenzake wote katika mtihani wa shahada ya fizikia.

Aliolewa na Pierre Curie mwaka 1895, na mwaka 1898 wawili hao wakagundua elementi mbili mpya: poloniamu na radiamu. Ya kwanza aliipa jina la nchi yake, ambayo wakati huo haikuwa dola huru. Lakini ripoti yake ya Aprili mwaka huo haikuweza kufikishwa mbele ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ila kwa kinywa cha mwanachama. Aliyeiwasilisha kwa niaba yake ni Gabriel Lippmann, aliyekuwa mwalimu wake.

Lippmann huyo huyo alikuwa miongoni mwa wanaakademia wanne waliotia sahihi barua ya kumpendekeza Pierre, pamoja na Henri Becquerel, kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1903. Jina la Marie halikuwemo. Pierre alipodokezewa jambo hilo, alishikilia kwamba mkewe asiachwe nje, na hatimaye wote watatu wakatuzwa.

Pierre alifariki mwaka 1906 baada ya kukanyagwa na gari la farasi. Marie akarithi mihadhara yake, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwishoni mwa mwaka 1910 aliwania kiti katika Akademia. Baadhi ya magazeti yalimwandama: ni mgeni, ni mwanamke, mengine yalidai kwa uongo kwamba ni Myahudi, kana kwamba hilo nalo lingekuwa kosa. Januari 1911 kiti kilimwendea Édouard Branly kwa tofauti ya kura chache mno. Branly alikuwa mtaalamu wa kweli wa mawimbi ya redio, wala hatumbezi. Hata hivyo, ni wazi kwamba usomi wa Marie haukuwa jambo la pekee lililopimwa. Desemba mwaka huo alipokea Tuzo ya Nobel ya pili, katika kemia. Hakuomba tena kiti kile.

Taasubi hiyo haikuzikwa pamoja naye. Binti yake Irène, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1935, naye alikataliwa na Akademia hiyo zaidi ya mara moja. Mwaka 1962 Marguerite Perey, aliyeanza kazi akiwa msaidizi katika maabara ya Marie, alipokelewa kama mwanachama mshiriki tu. Mwanachama kamili wa kwanza wa kike, Yvonne Choquet-Bruhat, alipatikana mwaka 1979.

Sisi wanaisimu hufundisha kwamba Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Neno mwanachama limo katika ngeli ya A-WA, na halimwulizi mtu kama ni mume au mke, mwenyeji au mgeni. Lakini sarufi haipigi kura. Chama huweza kuwa na katiba isiyombagua yeyote, na bado wanachama wakaendelea kuwapendekeza wale tu wanaofanana nao.

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, orodha ya majina ya kupendekezwa itakapofika mezani pako, iwe ya chama cha wataalamu au ya klabu ya sayansi shuleni, jiulize ni jina la nani halimo na kwa nini. Nawe mwanafunzi, jua kwamba kasoro ya barua ile ya 1903 ilirekebishwa kwa sababu mtu aliyekuwa ndani hakunyamaza. Chema hakijiuzi, huhitaji pia mwenye haki ya kukisemea.