John Charnley: Daktari aliyejitia chembe za kiungo bandia pajani

Mkazi wa Khwisero, Kaunti ya Kakamega, anayepewa rufaa ili abadilishiwe nyonga iliyolika, hunufaika na kazi ya Sir John Charnley, daktari wa mifupa wa Uingereza aliyeaga dunia Agosti 5, 1982.

Charnley alizaliwa Agosti 29, 1911 mjini Bury na kuhitimu udaktari jijini Manchester mwaka wa 1935. Baada ya kuhudumu jeshini katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, alianzisha kituo cha upasuaji wa nyonga katika hospitali ya Wrightington.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alibuni nyonga bandia yenye kichwa cha chuma kilichozunguka ndani ya kikombe cha Teflon. Takriban wagonjwa 300 waliwekewa. Mwanzoni walitembea bila maumivu, lakini baada ya miaka michache Teflon ililika, na chembe zake zikadhuru mifupa na nyama.

Charnley hakulificha kosa hilo. Alijitia chembe hizo pajani mwake ili azione athari zake, akachapisha matokeo katika jarida la kitabibu mwaka wa 1963. Aidha, aliwapasua upya wagonjwa walioathirika. Kuanzia Novemba 1962 alitumia polithini ngumu, ambayo fundi wake alikuwa ameipima kwa mashine na kuona kuwa hailiki upesi.

Tangu hapo aliongeza tahadhari. Aliwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu hakuruhusu kiungo chake kiuzwe kwa madaktari ambao hawakuwa wamefunzwa Wrightington. Alijenga chumba cha upasuaji chenye hewa iliyochujwa, na maambukizi yakashuka kutoka takriban asilimia 7 hadi chini ya asilimia 1. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1977.

Madai mengi ya utepetevu huzuka pale mgonjwa asipoelezwa hatari mapema, au anapotelekezwa mambo yakiharibika. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa manufaa, hatari na gharama za matibabu kabla ya kuridhia. Hivyo basi, mgonjwa wa Khwisero ana haki ya kuuliza kiungo atakachowekewa ni cha aina gani, daktari amefunzwa wapi, na nani atamfuatilia akisharudi nyumbani.