MCHUNGAJI FRIEDRICH VON BODELSCHWINGH (1831–1910)

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa waziri katika serikali ya Prussia. Friedrich alijifunza kilimo, akasimamia shamba kubwa huko Pomerania. Hapo ndipo wito wa utumishi ulipomjia, akaliacha shamba, akaenda kusoma theolojia. Kuanzia 1858 alihudumu Paris miongoni mwa Wajerumani maskini waliofagia mitaa ya jiji hilo.

Mwaka 1864 akawa mchungaji wa usharika wa Dellwig. Mwezi Januari 1869, katika muda wa majuma mawili, yeye na mkewe Ida waliwazika watoto wao wote wanne. Msiba huo haukumwondoa katika utumishi, bali ulimsogeza karibu zaidi na wenye kuteseka.

Mwaka 1872 aliitwa Bielefeld kuongoza nyumba ya wenye kifafa iliyofunguliwa 1867, pamoja na nyumba ya masista ya Sarepta. Nyumba ya wagonjwa ikapewa jina la Betheli, yaani Nyumba ya Mungu. Siku hizo kifafa hakikuwa na tiba ya kukiponya, na wagonjwa wengi walifichwa au kutengwa. Bodelschwingh aliwapa makao yenye hali ya familia, ibada, na kazi kwa kadiri ya nguvu za kila mmoja, mashambani na katika karakana. Kwake, asiyetarajiwa kupona alistahili kutunzwa sawasawa na yule anayeweza kupona. Mwaka 1877 mashemasi wa Nazareti nao walianza utumishi wao.

Kazi hiyo ilifika hata kwetu. Mwaka 1890 aliingia katika uongozi wa misioni ya Afrika Mashariki, na mwaka 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab wakafungua kituo cha Mlalo, Usambara. Huko Lutindi, nyumba iliyoanzishwa 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani ilikuja kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mzee Bodelschwingh alifariki tarehe 2 Aprili 1910. Mwanawe, Friedrich, alirithi kazi hiyo. Na mwaka 1940, serikali ya Hitler ilipowaua wagonjwa na walemavu, alisimama kuipinga. Ndivyo urithi wa Betheli ulivyojaribiwa: kumtunza mgonjwa ni pamoja na kuutetea uhai wake.