Dr. Martin Luther na Sala za Zaburi

Wako Wakristo wengi waonao ya kuwa kusali pamoja na wenzao kanisani ni jambo jepesi, lakini wakiingia chumbani peke yao maneno huwaishia upesi. Au hurudia maneno yale yale kila siku, hata kinywa kikisema, moyo umelala. Leo twataka kuwasimulia habari za mtu aliyeijua sana shida hiyo, naye ni Dr. Martin Luther. Habari za mashindano yake na Papa zajulikana na wengi. Sisi tutamtazama mahali pa siri, ameshika kitabu chake cha Zaburi.

Luther alizaliwa mjini Eisleben, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Baba yake, Hans, alikuwa mtu wa machimbo ya shaba, naye alitaka mwanawe asome sheria apate cheo. Lakini mwezi wa Julai 1505, kijana Martin alikuwa njiani karibu na kijiji cha Stotternheim, radi ikapiga karibu naye. Kwa hofu ya mauti akaweka nadhiri ya kuwa mtawa, na kabla mwezi haujaisha akaingia katika nyumba ya watawa wa Augustino mjini Erfurt.

Watawa wale walikuwa na desturi ya kukusanyika mara nyingi, usiku na mchana, kuimba Zaburi kwa Kilatini, na kwa muda wa juma moja wakazimaliza zote 150. Hivyo Luther alizisikia na kuziimba mwaka baada ya mwaka, hata nyingi akazijua kwa moyo. Walakini kuna kusema maneno ya sala, na kuna kusali. Baadaye, alipokuwa na kazi nyingi za kufundisha na kuhubiri, saa za sala zilimpita. Ndipo alipojifungia chumbani siku ya Jumamosi, asile wala asinywe, azisome zote zilizosalia, kama mtu alipaye deni. Mwenyewe alisimulia habari hii alipokuwa mzee, wala hakuisifu. Alichoka mwili na kichwa, na moyo wake haukupata raha.

Mwaka wa 1512 alifanywa kuwa mwalimu wa Maandiko Matakatifu katika chuo kikuu cha Wittenberg. Mwaka uliofuata akaanza kuwafundisha wanafunzi wake, na kitabu alichokichagua kwanza ni Zaburi. Akawapigisha chapa Zaburi zenye nafasi pana kati ya mistari na pembeni, ili waandike mafundisho humo. Kazi hiyo aliifanya mpaka 1515. Humo alikutana na neno lililomtisha, yaani haki ya Mungu. Mwenye Zaburi aomba aokolewe kwa haki ya Mungu. Lakini Luther alidhani ya kuwa haki hiyo ni ile imhukumuyo mwenye dhambi. Mwenye dhambi awezaje kuomba aokolewe kwa kitu kimwangamizacho? Aliitafakari habari hii siku nyingi, pamoja na waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi, hata akafahamu ya kuwa ni haki ambayo Mungu humpa mtu bure, kwa imani. Tangu hapo Zaburi zikawa kwake maneno ya mtoto asemaye na baba yake.

Naye hakutaka kuificha hazina hiyo. Mwaka wa 1517, kabla ya zile hoja 95 kujulikana, alitoa kitabu cha Kijerumani cha kuzieleza Zaburi saba za toba, ili watu wasiojua Kilatini wazisome. Mwaka wa 1524 Zaburi zote alizozifasiri zikatoka kwa Kijerumani. Katika maneno ya kwanza aliyoyaandika kwa ajili ya Zaburi mwaka wa 1528, alifundisha ya kuwa kitabu hiki ni kama Biblia ndogo, na ya kuwa humo twaitazama mioyo ya watakatifu, jinsi walivyosema na Mungu katika furaha na katika dhiki. Kila mtu, awe katika hali gani, ataona humo maneno yampasayo, kana kwamba yaliandikwa kwa ajili yake peke yake.

Jambo hilo alilijaribu mwenyewe. Mwaka wa 1530 wakuu wa Ujerumani walikutana mjini Augsburg kwa habari za imani. Luther hakuweza kwenda, maana tangu 1521 alikuwa chini ya hukumu ya Kaisari. Akakaa miezi mingi katika boma la Coburg, mbali na mkewe na watoto, akiugua mara kwa mara. Huko aliandika maelezo ya Zaburi ya 118, aliyoipenda kuliko nyingine. Na huko, mwezi wa Juni, alipokea barua ya kumwarifu ya kuwa baba yake amefariki. Mwenzake aliyekaa naye, Veit Dietrich, alimwandikia Katharina, mke wa Luther, jinsi ilivyokuwa. Luther alipoisoma barua alikitwaa kitabu chake cha Zaburi, akaingia chumbani, akalia sana, hata siku ya pili kichwa kilimwuma. Hakwenda kulia peke yake. Alikwenda na maneno ya watu waliolia mbele za Mungu kabla yake.

Basi, katika mji wa Wittenberg palikuwa na kinyozi, jina lake Peter Beskendorf, rafiki wa Luther tangu zamani. Huyu alimwomba amfundishe jinsi ya kusali. Mwanzo wa mwaka wa 1535 Luther akamwandikia kitabu kidogo, wala hakujifanya mtu asiyepungukiwa. Alimwambia kinyozi ya kuwa yeye naye, kwa sababu ya kazi na mawazo mengi, huona moyo wake umepoa, hauna hamu ya sala. Hapo hukitwaa kitabu cha Zaburi, huingia chumbani, au huenda kanisani penye watu, na kuanza kusema kwa kinywa Amri Kumi, Imani, na maneno ya Bwana Yesu, au ya Paulo, au ya Zaburi, kama watoto wafanyavyo, mpaka moyo upate moto. Alimwonya asiikubali ile fikira isemayo ngoja kidogo, nimalize kazi hii kwanza. Maana kazi huzaa kazi, na siku hupita bila sala. Akampa na mfano wa kazi yake. Kinyozi hana budi kuutazama wembe. Akizungumza na kuangaza huku na huku, atamkata mtu.

Tena alimwonyesha njia ya kulishika neno la Mungu kama shada lililosukwa kwa nyuzi nne: fundisho, shukrani, kukiri dhambi, na ombi. Tuitwae Zaburi ya 130 iwe mfano. Kwanza twauliza yatufundisha nini: ya kuwa Mungu humsikia mtu aliaye kutoka vilindini. Pili twamshukuru, kwa kuwa kwake uko msamaha. Tatu twakiri makosa yetu kwa kuyataja, maana kama angeyahesabu, hakuna ambaye angesimama. Nne twaomba tupewe saburi ya kumngoja, kama mlinzi wa usiku aingojavyo asubuhi. Si lazima kumaliza yote. Neno moja likiuwasha moyo, na tukae papo hapo, tunyamaze na kusikiliza.

Ndugu, yaliyofuata ni ya huzuni. Mwaka ule ule, siku ya kuamkia Pasaka, Peter alikuwa mezani na jamaa zake, akamchoma mkwewe kwa kisu, akafa. Ndiye yule aliyeandikiwa kitabu cha sala! Twajifunza ya kuwa sala si hirizi ya kumkinga mtu, na ya kuwa aliyefundishwa vema aweza kuanguka siku moja. Luther hakumtupa rafiki yake. Yeye na wengine walimwombea kwa wakuu, naye hakuuawa, bali alifukuzwa mjini, akaenda kukaa Dessau. Tukumbuke kwamba Zaburi ya 51 ni ya Daudi, naye mkono wake ulikuwa na damu ya Uria. Hata aliye kama Peter hakufungiwa mlango wa kitabu hiki.

Luther alifariki mjini Eisleben, pale alipozaliwa, tarehe 18 Februari 1546. Katika saa zake za mwisho aliiweka roho yake mikononi mwa Mungu kwa maneno ya Zaburi ya 31, ambayo Bwana wetu aliyasema msalabani. Hakuwa na haja ya kuyatafuta, maana alikuwa ameyasali tangu ujana wake.

Basi tusingoje saa ya kufa ndipo tuyatafute. Asubuhi, kabla ya kazi, tufungue Zaburi moja, tuisome kwa sauti, tuipitishe katika nyuzi nne. Walimu wetu na wawafundishe washarika hivyo, nyumba kwa nyumba. Na wasiojua kusoma wafundishwe Zaburi moja kwa moyo, wapate kuwa nayo shambani na kitandani.