Edsger Dijkstra

Edsger Wybe Dijkstra (Rotterdam, 11 Mei 1930 – Nuenen, 6 Agosti 2002) alikuwa mwanahisabati na mtaalamu wa sayansi ya kompyuta kutoka Uholanzi. Wengi humjua kwa njia yake ya kutafuta barabara fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili, lakini kazi yake juu ya kusimamia michakato mingi ndani ya kompyuta moja ina uzito usiopungua huo.

Maisha

Baba yake alikuwa mwanakemia aliyefundisha shule ya sekondari, na mama yake alikuwa mwanahisabati. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Leiden. Mwaka 1951 alihudhuria kozi ya kuandika programu huko Cambridge, Uingereza, na mwaka uliofuata aliajiriwa na Kituo cha Hisabati cha Amsterdam. Kazi hiyo ilikuwa ngeni kiasi kwamba alipofunga ndoa mwaka 1957 maofisa walikataa kumwandika kuwa mtunga programu. Ikabidi atajwe kuwa mwanafizikia. Mwaka 1962 alikuwa profesa wa hisabati mjini Eindhoven.

Kusimamia michakato

Prosesa ya kompyuta za wakati ule ilikuwa na kasi kubwa kuliko vifaa vya kusoma kanda na kuchapa. Ikipewa kazi moja tu, ilikaa bure muda mrefu ikisubiri. Dawa yake ilikuwa kuendesha programu kadhaa kwa zamu, lakini programu mbili zinazogusa kitu kimoja katika kumbukumbu zinaweza kuharibiana. Kosa la namna hiyo hutegemea ipi imetangulia kwa sehemu ndogo ya sekunde: leo linatokea, kesho halionekani, na kulijaribu tena hakusaidii. Dijkstra alikabiliana na hofu hiyo alipoandika programu ya kushughulikia vikatizo katika mashine ya X1, kazi iliyompatia shahada ya udaktari mwaka 1959.

Jibu lake lilikuwa semafori, jina lililotoka kwenye ishara za reli. Ni namba isiyoshuka chini ya sifuri. Mchakato unaotaka kuingia mahali pa hatari huipunguza kwa 1. Ukiikuta ni sifuri, hulazwa mpaka mwingine utoke na kuiongeza. Vitendo hivyo viwili aliviita P na V, akifuata maneno ya Kiholanzi.

Hatari nyingine ni mkwamo, ambapo kila mchakato umeshika kitu ambacho mwenzake anakihitaji, na hakuna anayeachia. Mwaka 1965 aliwapa wanafunzi wake swali la mtihani kuhusu kompyuta tano zinazogombania mashine za kanda. Swali hilo, ambalo baadaye lilisimuliwa kama wanafalsafa watano mezani wanaogombania uma, bado linafundishwa vyuoni. Si mitihani mingi inayoishi hivyo.

Pamoja na kikundi kidogo alitengeneza mfumo endeshi ulioitwa THE, kwa herufi za kwanza za jina la chuo chake, akaueleza katika makala ya mwaka 1968. Ulijengwa kwa tabaka. Tabaka la chini kabisa liligawa muda wa prosesa, na yaliyo juu yake yaliweza kuandikwa kana kwamba kila mchakato una prosesa yake. Hata leo msimamizi wa seva anayefungua orodha ya michakato na kukuta mingine imelala ikisubiri anaona mpango wa aina hiyohiyo.

Miaka ya baadaye

Alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1972. Kuanzia 1984 hadi 1999 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani. Maandiko yake zaidi ya 1,300, mengi yakiwa ya mkono kwa kalamu ya wino, aliyapa namba na kuwatumia wenzake nakala. Kompyuta yenyewe aliitumia kwa nadra. Alirudi Uholanzi, akafariki kwa ugonjwa wa kansa. Tangu 2003 tuzo ya utafiti wa kompyuta zinazofanya kazi kwa kushirikiana inaitwa kwa jina lake.