Beryl Markham: Kocha wa farasi aliyeshusha ndege Nungwe usiku

GEITA. Shabiki wa soka wa Geita ukimuuliza ni nani aliyewahi kufanya maajabu katika ardhi hii, atakutajia George Mpole na mabao yake 17 yaliyompa kiatu cha dhahabu msimu wa 2021/22. Hutamsikia akimtaja Beryl Markham. Lakini usiku wa Juni 16, 1935, mwanamke huyo alishusha ndege ndogo Nungwe, kando ya Ziwa Victoria, akiwa peke yake na mtungi wa oksijeni.

Si Nungwi ya Unguja yenye hoteli za watalii. Hii ni Nungwe ya Geita, na wakati huo ilikuwa kambi ya wachimba dhahabu. Mchimbaji mmoja alikuwa mahututi kwa ugonjwa wa mapafu, na daktari wa kambi alituma ujumbe Nairobi kuomba oksijeni. Kwa barabara za zama zile, mgonjwa angekata roho kabla gari halijafika nusu ya njia.

Markham aliondoka Nairobi usiku, ndege yake aina ya Avro Avian haina redio wala taa za maana. Alikaa angani saa tatu na dakika 40, zaidi ya kilomita 500 za giza, hadi alipoona mioto iliyowashwa chini kumwonyesha pa kutua. Mtungi ukafika. Kesho yake hakwenda kulala. Akapaa tena kumtafuta rubani mwenzake aliyepotea Serengeti, akamkuta hai.

Kwa Markham ile ilikuwa kazi ya kawaida ya kumpatia riziki. Jina lake lilikuwa limeshawaka zamani, na halikuwaka kwa ndege. Liliwaka kwa farasi.

Mtoto wa Njoro

Alizaliwa Uingereza Oktoba 26, 1902, akaitwa Beryl Clutterbuck. Baba yake, Charles, alikuwa fundi wa farasi, akahamia Kenya ya wakoloni na kuanzisha shamba Njoro. Beryl alifika akiwa mdogo kabisa. Mama hakuyaweza maisha yale. Alirudi Ulaya na kaka yake Beryl, binti akabaki na baba.

Basi akakulia porini. Alicheza na watoto wa Kinandi na Kikipsigis, akajifunza kurusha mkuki na kuwinda, akaongea Kiswahili na lugha za wenzake. Rafiki yake mkubwa alikuwa kijana aliyeitwa Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa alijulikana kama arap Ruta. Huyu ndiye aliyekuja kuwa mtu wake wa karibu kwenye mabanda ya farasi na baadaye kwenye ndege. Magazeti ya enzi ile yalimwandika Markham kwa herufi kubwa, Ruta hayakumtaja. Lakini ukizungumzia mafanikio ya yule mama bila kumtaja Ruta, ni sawa na kusifu straika ukasahau aliyekuwa akimpigia krosi.

Zizi la farasi ndilo lilikuwa akademi yake. Kabla hajafikisha miaka 18 alishajua kusoma mguu wa farasi mgonjwa, kumzalisha jike usiku wa manane na kumtuliza dume lenye hasira.

Aanza na sifuri

Ukame ukapiga, biashara ya baba ikafilisika. Mzee akafunga safari kwenda Peru kutafuta maisha mapya. Beryl, ambaye alikuwa ameshaolewa akiwa na miaka 16 katika ndoa isiyo na furaha, akagoma kumfuata. Akabaki na farasi wake, akapanda hadi Molo na kuomba leseni ya kunoa farasi wa mashindano.

Ulikuwa mchezo wa wanaume mtupu. Lakini akaipata leseni, akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuwa nayo.

Kilichofuata makocha wa soka wanakijua vizuri. Unamchukua mchezaji akiwa hana jina, unampika, unamjenga, halafu msimu wa mavuno unafika na tajiri anakunyang'anya. Kwa simulizi yake mwenyewe, hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Wrack, dume alilolinoa kwa ajili ya mbio kubwa za St Leger za Kenya. Wiki chache kabla ya mbio, mwenye farasi akaingiwa na wasiwasi: ati msichana ataweza kweli? Akamhamishia kwa mnoaji mwingine.

Markham akabaki na Wise Child, jike lenye kasi lakini miguu mibovu. Kano zake zilikuwa zimeshaumia, na kila zoezi lilikuwa kamari. Ukimkimbiza sana anavunjika, ukimlea sana hana pumzi siku ya mchezo. Yeye na Ruta wakamlea kwa hesabu, siku baada ya siku.

Mwaka 1926 siku ikafika. Wrack ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Wise Child akaingia na miguu yake ile ile, akamfukuza Wrack hadi mita za mwisho, akampita. Kocha aliyeonekana hafai akaondoka na kombe mbele ya waliomkataa.

Kutoka zizini hadi angani

Baada ya hapo angeweza kutulia. Hakutulia. Aliolewa tena mwaka 1927 na Mansfield Markham, tajiri wa Kiingereza aliyemwachia jina hilo, wakapata mtoto wa kiume, ndoa ikavunjika. Mwaka 1931 rubani Tom Campbell Black akaanza kumfundisha kuruka.

Mwaka huo huo kifo kilimpitia karibu. Rafiki yake Denys Finch Hatton, mwindaji ambaye pia alikuwa mpenzi wa mwandishi wa Kidenmark Karen Blixen, alianguka na ndege Voi na kufa. Nusura Markham awe ndani. Alikuwa amealikwa kwenye safari ile, mwalimu wake akamsihi asiende.

Hakuacha kuruka. Alichukua leseni ya biashara, akabeba barua, abiria na wagonjwa, na kuwatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani. Hapo ndipo Nungwe inapoingia kwenye hesabu.

Mechi ya ugenini

Septemba 4, 1936, alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, kuvuka Bahari ya Atlantiki kuelekea New York. Amelia Earhart alikuwa ameshavuka mwaka 1932, lakini akitokea Newfoundland, upepo ukimsukuma mgongoni. Markham alikwenda upande mgumu, upepo ukimpiga usoni safari nzima. Ni kama kucheza dakika 90 ukipanda mlima.

Alikaa angani zaidi ya saa 20, peke yake, bila redio. Karibu na mwisho mafuta yakagoma kufika kwenye injini kwa sababu ya barafu. Akaishusha ndege kwenye tope la Baleine, Nova Scotia, nchini Kanada. Pua ya ndege ikazama, yeye akatoka na jeraha la kichwa. New York hakuifikia kwa ndege ile, lakini hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka Atlantiki ya Kaskazini peke yake kwa upande huo kabla yake.

Furaha haikudumu. Wiki mbili baadaye Campbell Black, mwalimu wake, alikufa katika ajali uwanjani Liverpool.

Raundi ya pili

Alihamia Marekani, na mwaka 1942 kikatoka kitabu cha maisha yake, West with the Night, kinachoanza na safari ya Nungwe. Wapo waliosema mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika. Ubishi huo haujaisha hadi leo. Vita vilikuwa vimepamba moto, kitabu kikasahaulika.

Akarudi Kenya akiwa na umri wa karibu miaka 50, akaanza upya zizini. Wengi walidhani wakati wake umepita. Kumbe bado. Kwa miaka kadhaa akawa kinara wa wanoaji, farasi wake wakitwaa Derby ya Kenya zaidi ya mara moja.

Uzeeni fedha zilimkimbia. Aliishi kwenye nyumba ndogo ndani ya uwanja wa mbio wa Nairobi, jirani na farasi, hadi kitabu chake kilipochapishwa upya mwaka 1983 na kuuzwa kwa wingi. Pesa zile zilimkuta akiwa na miaka 80.

Alifariki Nairobi Agosti 3, 1986, mwezi mmoja kabla ya safari ya Atlantiki kutimiza miaka 50. Nungwe bado ipo pale kando ya ziwa, na vijana wa Geita bado wanashuka mashimoni kutafuta dhahabu wakivuta vumbi lile lile.