Idi Amin na vifaru vyake: Jinsi ya kuvitambua kwenye picha za Vita vya Kagera

Kila ikikaribia Oktoba, picha zilezile zinaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kifaru kimeegeshwa barabarani, watu wamekizunguka, chini kuna maneno kwamba hiki ni kifaru cha Nduli kilichotekwa na vijana wetu. Nusu ya picha hizo hazina hata uhusiano na Kagera. Nyingine ni za Kagera kweli, ila kifaru chenyewe ni cha JWTZ.

Si kosa dogo hilo. Ukimpa Amin kifaru cha Mtanzania, umeigeuza picha ya kijana aliyekwenda kuikomboa Kyaka kuwa picha ya mvamizi.

Njia rahisi ya kuvijua vifaru hivi ni kumfuata mwenyewe, Idi Amin Dada, kwa sababu maisha yake ya madaraka yalianza na vifaru na yakaishia hapohapo.

Alizaliwa miaka ya 1920, wengi husema karibu 1925. Wapo wanaosema ni Koboko, wengine Kampala. Baba yake alikuwa Mkakwa, mama Mlugbara. Mwaka 1946 aliingia jeshi la mkoloni, King's African Rifles, akianzia jikoni. Shule alisoma kidogo sana, lakini mwili alikuwa nao na ngumi alikuwa nazo: alishika ubingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi kwa karibu miaka tisa, 1951 hadi 1960. Alipelekwa Kenya kupambana na Mau Mau, akapanda vyeo, na mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kupewa uofisa kamili.

Hilo lilikuwa jeshi la miguu. Bunduki, buti, mwendo wa porini. Vita ya vifaru Amin hakuisomea popote, na jambo hilo litarudi kumuuma baadaye.

Gari la kwanza la kulijua: Sherman

Uganda ilipopata uhuru 1962 magari yake ya deraya yalikuwa machache. Moja lilikuwa Ferret la Waingereza. Ni dogo, lina magurudumu manne ya mpira na kichwa kidogo juu chenye bunduki ya rashasha. Ukiona gari la namna hiyo mtu akaliita kifaru, mwambie hapana. Kifaru kinatembea kwa minyororo.

Vifaru vyenyewe vililetwa na Waisraeli, waliokuwa wakilifundisha jeshi la Uganda miaka ya 1960. Walileta Sherman 12, mali ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili. Huyu huwezi kumchanganya na mwingine. Ni mrefu kwenda juu, mwili umeumuka kama mkate, na magurudumu yake ni madogo, sita kila upande, yamepangwa mawili mawili. Toleo hilo la Uganda lilikuwa na mzinga wa milimita 76.

Januari 25, 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, askari wa Amin waliteka Kampala na uwanja wa Entebbe. Kikosi cha magari ya deraya cha Malire ndicho kilichokata mzizi wa fitina. Watu wa Kampala waliamka wakakuta vifaru mitaani, na hadi jioni Amin alikuwa mkubwa wa nchi.

Tangu siku hiyo, kwa maoni yangu, aliamini kwamba mwenye vifaru ndiye mwenye nchi. Kwa mji mmoja wenye barabara za lami, alikuwa sahihi.

Mwaka 1972 akawafukuza Waisraeli, kisha Waasia. Septemba hiyohiyo wakimbizi wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania kujaribu kumng'oa, wakashindwa. Amin akajibu kwa kurusha ndege zilizopiga mabomu Bukoba na Mwanza. Oktoba yakasainiwa makubaliano ya Mogadishu, bunduki zikanyamaza, uadui ukabaki palepale.

T-55 inaingia

Waisraeli walipoondoka, Libya na Urusi ya Kisovieti zikachukua nafasi. Ndipo zikaja T-55, na hapa ndipo wanaosambaza picha wanapojikwaa.

T-55 ni fupi, imelala chini. Kichwa chake ni cha mviringo kama bakuli lililofunikwa. Mzinga ni wa milimita 100, na karibu kabisa na mdomo wa mtutu kuna uvimbe kama pete nene. Uzito ni tani 36 hivi. Hesabu magurudumu: matano makubwa kila upande. Kisha angalia nafasi kati yake. Kati ya la kwanza na la pili kuna pengo kubwa kuliko mengine. Kama pengo kubwa liko nyuma, na ile pete ya mtutu haiko mdomoni, hiyo ni T-62, na picha yako ina mashaka.

Pamoja nazo kulikuwa na magari ya kubeba askari. OT-64 kutoka Czechoslovakia ina matairi manane na pua iliyochongoka kama mtumbwi, maana inaogelea. BTR-152 ya Urusi ina matairi sita na boneti mbele, kama lori lililovikwa mabati.

Amin alivipenda vikosi hivi hadi kwenye starehe. Kikosi cha deraya cha Masaka, kilichojiita cha kujitoa mhanga, kilikuwa na bendi yake, na mnenguaji wa bendi hiyo, Sarah Kyolaba, akawa mke wake mwaka 1975. Mwaka huohuo alijipa cheo cha Field Marshal, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukamkabidhi uenyekiti.

Oktoba 1978

Majeshi yake yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978. Oktoba 30 yalikuwa yameshika eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba 1,800 hivi. Raia wanaokadiriwa kufikia 1,500 waliuawa. Ng'ombe waliswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Amin akatangaza kwamba mto ndio mpaka mpya.

Kwa msomaji wa Murukulazo au Biharamulo: vita ya ardhini haikufika huko, lakini mto ni huohuo unaoupita kwenye maporomoko ya Rusumo. Na jina la mkoa mnaloandika kwenye fomu leo limetokana na vita hiyo. Kabla yake Ngara na Biharamulo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Ziwa Magharibi.

Novemba 3 daraja la Kyaka lilivunjwa. Ndege zilijaribu zikashindwa, ikabidi aletwe mtaalamu wa baruti kutoka mgodi wa Kilembe. Amin alidhani amejikinga. JWTZ lilitandika daraja la muda, likapitisha watu na vyuma vyake.

Sasa vyuma hivyo ndivyo vinavyoleta utata. Tanzania ilikuwa na vifaru vya China, T-59, na T-59 ni nakala ya T-54 ya Warusi, kaka mkubwa wa T-55. Magurudumu matano, pengo lilelile mbele, bakuli lilelile, mzinga wa milimita 100 uleule. Yaani pande mbili zinazopigana zilikuwa na vifaru vinavyofanana kama pacha!

Tofauti ipo, ila uikuze picha. Juu ya kichwa, upande wa kulia kuelekea mbele, T-59 ina kifuniko cha hewa kilichotokeza kama uyoga. T-55 haina. Ukikosa uyoga kwenye picha safi, hiyo si T-59. Ukiuona, usikimbilie kushangilia, kwa kuwa T-54 nayo inao. Hapo angalia alama, sare za askari, na picha ilipigwa wapi na lini.

Tanzania ilikuwa pia na T-62 ya China, na jina lisikuchanganye na T-62 ya Urusi. Ya China ni kifaru chepesi, tani 21 hivi, mzinga wa milimita 85. Sura ni ya T-59 iliyopungua mwili. Mtu akisimama kando yake utaona udogo wake.

Kwenye uwanja wa vita kosa la kutambua lilikuwa na gharama. Siku za mwanzo wapiga mizinga wa Tanzania waliangusha ndege 3 za Tanzania wakidhani ni za adui.

Lukaya

Mutukula ilitekwa Januari 1979, Masaka ikaanguka Februari 24. Muammar Gaddafi akatuma askari na T-55 zake, pamoja na mitambo ya kurusha roketi ya BM-21. Hii ni rahisi kuijua: ni lori lenye bomba 40 mgongoni.

Machi 10 Walibya na askari wa Amin waliishambulia Lukaya. Roketi ziliitawanya Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi wageni wa vita. Lakini Lukaya imezungukwa na kinamasi. Barabara ni moja, imeinuliwa juu ya maji, na kifaru cha tani 36 kikitoka nje ya lami kinazama. Jeshi la Amin lilizoea kupigana likiwa limeng'ang'ania barabara. Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ilizunguka kilomita 60 hivi, ikaibukia nyuma yao alfajiri ya Machi 11. Walibya 200 hivi wanakadiriwa kufa pale.

Hapo ndipo ujuzi wa mapinduzi ya 1971 ulipoisha kazi. Kuziba mtaa wa Kampala kwa Sherman ni jambo moja, kupigana na mtu anayekuja kwa miguu kupitia vichakani ni jingine kabisa.

Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Amin alipitia Jinja akaelekea kaskazini, kisha Libya, na mwishowe Saudi Arabia. Mwaka 1989 alijaribu kurudi, akafika Kinshasa, akarudishwa. Aliishi Jeddah hadi alipofariki Agosti 16, 2003, akazikwa hukohuko, makaburi ya Ruwais. Askari wa Tanzania waliokufa kwenye vita yake wamelala Kaboya, wilayani Muleba.